"Husika" katika Maombi ya Uhadhiri

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, katika matangazo yake ya kazi, zikiwamo za uhadhiri msaidizi, huruhusu barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Ruhusa hiyo ni njema. Hata hivyo, barua za Kiswahili tunazoletewa kuzisoma hapa Chamwino karibu zote huanza hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu."

Kitenzi hiki hakifai katika hali ya kuamuru: jambo humhusu mtu, bali mtu haagizwi ahusike nalo. Kichwa cha habari nacho ni cha gazeti. Barua rasmi ina "YAH", yaani "yahusu", nayo imekwisha kutaja shabaha. Sentensi hiyo, basi, ni tafsiri sisisi isiyo na maana.

Hasara yake si ya sarufi tu. Hufuatwa na umri, uraia na unyenyekevu, hata mwombaji akafika kwenye sahihi kabla hajataja alichokitafiti wala somo awezalo kulifundisha. Ndipo Kiswahili hudhaniwa hakifai kwa kazi ya chuo kikuu.

Tunapendekeza aanze hivi: "Naomba nafasi ya Mhadhiri Msaidizi wa Isimu." Utafiti ufuate, kisha masomo. Walimu na waifundishe hivyo.