Kutunga kwa Nyimbo za Wengine: Suala la Utunzi katika Albamu ya Pili ya Christy Moore

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo uhakiki wa fasihi simulizi haujapata kuyatatua kikamilifu ni lile la utunzi. Wimbo unapopokezwa kutoka kinywa hadi kinywa kwa vizazi kadhaa, ni nani anayestahili kuitwa mtunzi wake? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kurejelea Prosperous, albamu ya pili ya mwimbaji wa Ayalandi, Christy Moore, iliyotolewa mwaka 1972.

Moore alikuja kusifika baadaye kwa nyimbo alizozitunga mwenyewe, zikiwemo "Lisdoonvarna" na "Viva la Quinta Brigada". Nyimbo za Prosperous, hata hivyo, zimetoka kwa wengine. Baadhi ni za kimapokeo, na baadhi ni za watunzi wanaojulikana kwa majina. Kwa sababu hiyo, aghalabu albamu hii hutajwa kwa kupitia tu, kama chimbuko la bendi ya Planxty. Ni kweli kwamba Liam O'Flynn, Andy Irvine na Dónal Lunny, walioshirikiana na Moore kuirekodi, ndio walioungana naye kuunda bendi hiyo mwaka 1972. Lakini kazi ya sanaa haitoshi kuhakikiwa kwa kile kilichozaliwa baada yake.

Hoja yetu ina sehemu mbili. Kwanza, tunadai kwamba Prosperous ni zao la utunzi kwa maana kamili ya neno hilo, ila utunzi wenyewe umo katika uteuzi, mpangilio na upokezaji. Pili, tunadai kwamba utunzi wa aina hii humwachia msanii deni, na kwamba neno "kimapokeo" linaloandikwa kwenye majalada ya santuri halitoshi kulilipa.

2.0 Kutoka London hadi Kildare

Albamu ya pili haiwezi kueleweka pasipo kuitazama ile ya kwanza. Moore alizaliwa mwaka 1945 mjini Newbridge, jimbo la Kildare. Alikuwa karani wa benki hadi mgomo wa benki wa mwaka 1966 ulipomfanya avuke bahari kwenda Uingereza, ambako aliishia kuimba katika vilabu vya nyimbo za jadi. Mwaka 1969 alitoa Paddy on the Road, iliyorekodiwa London chini ya usimamizi wa Dominic Behan, mtunzi mashuhuri na ndugu wa mwandishi Brendan Behan. Zilichapishwa nakala 500 tu.

Anwani ya albamu hiyo inastahili kuchunguzwa. "Paddy" ni jina ambalo Waingereza wamezoea kumwita Mwayalandi yeyote, mara kwa utani na mara kwa dharau. Msanii anayejitambulisha kwa jina hilo anajitazama kwa macho ya mwenyeji wake. Yeye ni mhamiaji anayewaimbia watu ambao kwao Uayalandi ni aina ya mhusika.

Anwani ya pili inaelekea upande mwingine. Prosperous ni kijiji cha Kildare, na albamu ilirekodiwa humo mwaka 1971 katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba alimoishi dada yake Moore. Mtayarishaji, Bill Leader, alitoka Uingereza na kuja na vyombo vyake vya kurekodia. Safari hii, basi, studio ndiyo iliyomfuata mwimbaji. Jina la kijiji, lenye maana ya neema na ustawi, lina kinaya cha kihistoria. Robert Brooke alikianzisha mwishoni mwa karne ya 18 akinuia kiwe kitovu cha utengenezaji wa nguo za pamba, lakini mradi huo ulianguka. Mwaka 1798, wakati wa uasi wa United Irishmen, kambi ya askari wa serikali kijijini humo ilishambuliwa na kuteketezwa. Msanii anayeita albamu yake kwa jina la mahali kama hapo anaziweka nyimbo zake ndani ya historia yenye wenyewe.

3.0 Uteuzi na Mpangilio kama Utunzi

Katika The Singer of Tales (1960), Albert Lord alionyesha kwamba kwa mwimbaji wa tendi simulizi, kila utendaji ni tendo la utunzi. Hakuna matini asilia ambayo mwimbaji anaikariri tu. Nadharia hii haiwezi kuhamishwa jinsi ilivyo hadi kwa Moore. Moore hakutunga mishororo papo kwa papo kama waimbaji wa Yugoslavia aliowachunguza Lord, na santuri huufunga utendaji mmoja usibadilike tena. Hata hivyo, lugha ya Kiswahili inatupa njia nyingine ya kulitazama suala hili. Kitenzi kutunga kina maana ya kubuni wimbo au hadithi, na pia maana ya kupitisha shanga katika uzi. Mtunga shanga hakuzifinyanga shanga zake. Kazi yake ni kuamua ipi ifuate ipi. Kwa maana hii ya pili, ambayo sheria za hakimiliki haziitambui vizuri, Moore ni mtunzi.

Tuuchukue mfano wa nyimbo zinazohusu wafanyakazi. Kuna wimbo juu ya James Connolly, kiongozi wa wafanyakazi aliyeuawa kwa kupigwa risasi mjini Dublin mwezi Mei 1916, akiwa ameketishwa kitini kwa sababu majeraha yake hayakumruhusu kusimama. Baadaye linakuja simulizi la Woody Guthrie juu ya mauaji ya Ludlow, Colorado, mwezi Aprili 1914, ambapo wanawake 2 na watoto 11 wa familia za wachimbaji migodi waliokuwa wamegoma walifia katika shimo chini ya hema lililoteketea. Kila wimbo peke yake ni maombolezo ya taifa fulani. Unapoziweka katika albamu moja, mipaka ya utaifa inalegea. Msikilizaji anakumbuka kwamba Connolly mwenyewe aliishi Marekani kati ya 1903 na 1910 akiwaunganisha wafanyakazi. Dhamira ya umoja wa tabaka la wafanyakazi, ambayo haijatamkwa katika wimbo wowote kwa ukamilifu wake, inazaliwa katika mpangilio, na hakuna mwingine wa kuhesabiwa kuwa ameitunga isipokuwa Moore.

Kabla ya wimbo wa Ludlow, Moore anaimba "Tribute to Woody", ambao ni wimbo wa Bob Dylan kutoka albamu yake ya kwanza ya mwaka 1962. Inafahamika kwamba Dylan aliuweka wimbo huo wa kumsifu Guthrie katika lahani ya "1913 Massacre", wimbo wa Guthrie mwenyewe. Hapa tuna mnyororo wa ukopaji: Moore anakopa maneno ya Dylan, ambaye amekopa lahani ya Guthrie, ili kumshukuru Guthrie, kisha anafuatisha wimbo wa huyo anayeshukuriwa. Huenda mhakiki akalalamika kwamba kutoa shukrani kwa kinywa cha mtu mwingine ni udhaifu. Sisi tunaona kwamba mfuatano huu ndio ufunguo wa albamu nzima. Unaonyesha wazi utaratibu ambao nyimbo nyingine zinautumia kimyakimya.

Si kila uteuzi umefaulu kwa kiwango hicho. "Spancil Hill" na "The Cliffs of Dooneen" zinafuatana, na zote mbili zinahusu mapenzi ya nyumbani kwa mtu aliyeko, au aendaye, mbali. Katika wimbo wa kwanza, mhamiaji anaota amerudi kijijini kwao katika jimbo la Clare, anawasalimu jamaa na majirani, kisha anazinduka na kujikuta California. Ndoto na kuzinduka vinaipa hamu ya nyumbani muundo wa kitamthilia. Wimbo wa pili hauna mgogoro kama huo. Unayataja mandhari na kuyaaga, na msikilizaji anabaki na picha nzuri isiyomdai chochote. Kwa kuziweka pamoja, Moore ameufichua upungufu wa wimbo mmoja kwa nguvu ya mwingine.

4.0 Wimbo na Lahani: Kifungua Albamu

Mfano bora wa utunzi kwa njia ya kuunganisha ni ule unaofungua albamu. "The Raggle Taggle Gypsies" ni wimbo wa kisimulizi wa kale: bibi wa nyumba ya kitajiri anaacha kitanda laini na mume mwenye cheo, anafuatana na Wajipsi, na mumewe anapomfikia anakataa kurudi. Wimbo unapokwisha, wanamuziki hawanyamazi. Wanaingia katika "Tabhair dom do Lámh", lahani inayonasibishwa na mpiga kinubi Ruaidhrí Dall Ó Catháin wa mwanzoni mwa karne ya 17. Jina lake kwa Kiswahili ni "Nipe Mkono Wako".

Muungano huu una maana mbili. Kwa upande wa fani, unaunganisha mapokeo mawili yaliyokuwa yakienda njia mbalimbali: wimbo wa maneno, ulioimbwa na watu wa kawaida pasipo ala, na muziki wa kinubi, uliotungiwa wakuu. Zumari ya mfuko ya O'Flynn, ambayo upepo wake husukumwa kwa kiwiko badala ya pumzi, inaibeba lahani ya kinubi hadi mahali ambapo haikuwahi kukaa. Kwa upande wa maudhui, simulizi la mwanamke aliyekataa kurejea kwa mumewe linafuatwa na muziki ambao jina lake ni ombi la mkono. Ni nani anayeomba, na anamwomba nani? Je, ni mume asiyekubali kushindwa, au ni jamii mpya inayompokea bibi? Muziki hauna maneno, na kwa hiyo hauamui. Utata huu hauko katika wimbo peke yake wala katika lahani peke yake. Umo katika kiungo. Planxty walipoutumia tena muungano huohuo kufungulia albamu yao ya kwanza mwaka 1973, walikuwa wakikiri kwamba umekwisha kuwa matini yenye kujitegemea.

5.0 Deni kwa John Reilly

Hadi hapa tumemsifu mpangaji. Lakini shanga zimetoka kwa nani? Moore alijifunza wimbo wa Wajipsi kutoka kwa John Reilly, mwimbaji wa jamii ya Wasafiri aliyeishi Boyle, jimbo la Roscommon. Wasafiri ni jamii ya asili ya Ayalandi ambayo kwa desturi haikukaa mahali pamoja. Mwaka 1963, ripoti ya tume ya serikali iliyoundwa kuchunguza maisha yao iliyachukulia maisha hayo kama tatizo la kutatuliwa kwa kuwafanya wakazi wa kudumu. Iliwachukua hadi Machi 2017 kutambuliwa rasmi na dola kama kabila. Reilly hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1969 katika umaskini, miaka mitatu kabla ya Prosperous kutolewa. Albamu yake mwenyewe, The Bonny Green Tree, ilitolewa mwaka 1978 kutokana na juhudi za wakusanyaji kama Tom Munnelly.

Yawezekana kupinga kwamba Reilly naye alipokea tu, kwani wimbo huu ulijulikana Uskoti na Uingereza tangu karne ya 18. Pingamizi hili lina uzito, lakini linasahau jambo moja. Palikuwapo toleo jingine, lililokusanywa Uingereza na Cecil Sharp na kufundishwa shuleni, ambalo Moore angeweza kuliimba bila kudaiwa na mtu yeyote aliye hai. Akalichagua la Reilly kwa sababu ya lahani yake na uimbaji wake. Chaguo hilo ndilo linaloupa wimbo nguvu, na chaguo hilohilo ndilo linalozua deni. Msafiri aliyeambiwa na dola kwamba maisha ya barabarani ni tatizo aliuhifadhi wimbo ambamo bibi tajiri anayachagua maisha hayo kwa hiari yake.

Kwa haki, Moore hajamficha Reilly. Amemtaja mara kwa mara kama chanzo chake, na ameendelea kuimba nyimbo alizozipata kwake, zikiwemo "The Well Below the Valley" na "Lord Baker". Kumtaja mtu ni malipo ya heshima, nayo si kidogo. Lakini utaratibu wa biashara ya muziki huandika "kimapokeo" mahali pa mtunzi, kisha hulinda haki ya aliyepanga. Kwa utaratibu huo, aliyeunganisha shanga anatambuliwa, na aliyezitunza zisipotee hana nafasi katika hesabu. Mhakiki anayeridhika na neno "kimapokeo" anaingia katika utaratibu huohuo bila kukusudia.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba albamu ya pili ya Christy Moore inastahili kusomwa kama kazi ya utunzi ingawa nyimbo zake zimetoka kwa wengine. Utunzi huo unaonekana katika kuhama kutoka London hadi kijijini, katika jinsi wimbo mmoja unavyoupa mwingine maana mpya, na katika kiungo kati ya simulizi la Wajipsi na lahani ya kinubi. Tumeonyesha pia kwamba sifa hii haitenganiki na swali la haki. Tunapendekeza, basi, kwamba uhakiki wa nyimbo za kimapokeo zilizorekodiwa usiishie kwenye maneno na lahani. Hauna budi kuuliza wimbo umetoka kwa nani, ulichaguliwa badala ya upi, na nani alinufaika nao ulipoingia sokoni. Maswali haya yakiulizwa, jina la John Reilly litakuwa na mahali katika matini yenyewe ya uhakiki, pamoja na majina ya wanamuziki walioimba na kupiga ala katika chumba kile cha Kildare.