Besi Isiyosikika: Tom Malanga wa Les Wanyika na Tatizo la Kuhakiki Wimbo kwa Maneno Peke Yake

Mnamo Julai 1888, katika kambi ya Banalia, ukingoni mwa mto Aruwimi, Meja Edmund Barttelot, mkuu wa kikosi cha nyuma cha msafara wa Stanley, alitoka hemani alfajiri ili kumnyamazisha mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma na kuimba. Mume wa mwanamke huyo, Mmanyema aliyeitwa Sanga, alimpiga risasi Meja huyo, naye akafa papo hapo. Sanga alihukumiwa na kuuawa baadaye huko Stanley Falls, mahali panapoitwa leo Kisangani. Kumbukumbu za Wazungu wa msafara zimeeleza kwa kirefu hasira ya Meja, jinsi alivyouawa na jinsi muuaji alivyohukumiwa. Ngoma yenyewe imetajwa kama kelele tu. Ilikuwa ikipigwa kwa mkondo gani, kwa jambo gani, na wimbo ulisema nini, hakuna aliyejishughulisha kuuliza.

Kisa hicho ni cha huzuni, na hakifai kugeuzwa kuwa mzaha wa kitaaluma. Hata hivyo kinafaa kukumbukwa na kila anayejiita mhakiki wa fasihi simulizi, kwa sababu kosa la kusikia ala kama kelele halikuzikwa Banalia. Limo katika tahakiki nyingi za nyimbo za Kiswahili zinazoandikwa vyuoni. Makala haya yanalichunguza kosa hilo kwa kutazama kazi ya mpiga ala mmoja: Tom Malanga, mpiga gitaa la besi wa bendi ya Les Wanyika ya Nairobi.

Tatizo lenyewe

Mwanafunzi wa Kiswahili anapopewa wimbo wa dansi auhakiki, hatua yake ya kwanza hujulikana. Huyaandika maneno yake karatasini, huyapanga katika beti, kisha huyagawa katika mafungu mawili yaliyozoeleka, yaani fani na maudhui. Chini ya maudhui huweka dhamira, ujumbe na falsafa. Chini ya fani huweka muundo, mtindo, tamathali za semi na matumizi ya lugha. Anapomaliza, wimbo umekuwa shairi, tena mara nyingi shairi dhaifu, kwa kuwa maneno ya dansi hayakutungwa ili yasimame peke yake. Hapo mhakiki husema kwamba wimbo huo ni wa mapenzi, una takriri nyingi, na unafunza jamii uaminifu katika ndoa.

Haiwezi kusemwa kwamba nadharia haikutoa onyo. M. M. Mulokozi, katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo haliwezi kutengwa na fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Onyo hilo limenukuliwa katika tasnifu nyingi, lakini halijatekelezwa ipasavyo. Neno fanani limefasiriwa kuwa mwimbaji peke yake. Wale wanaosimama nyuma yake, vidole vikiwa juu ya nyuzi, wamebaki nje ya uhakiki, na wa mwisho kabisa miongoni mwao ni mpiga besi. Lebo za santuri za 45 ziliandika jina la wimbo, la mtunzi na la bendi. Mhakiki naye akaifuata lebo.

Bendi na mpigaji wake

Les Wanyika ilizaliwa Nairobi mnamo Novemba 1978, pale baadhi ya wanamuziki walipojitenga na Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, wenyeji wa Tanga, iliyojijengea jina nchini Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miongoni mwa waliojitenga walikuwa mwimbaji Issa Juma, mpiga gitaa la ridhimu Omari Shabani aliyeitwa "Profesa", mpiga ngoma Rashid Juma, na Tom Malanga kwenye besi. John Ngereza, mwimbaji na mpiga gitaa, alijiunga nao akawa nguzo ya bendi. Wimbo wao wa "Sina Makosa" uliwapa umaarufu uliovuka mipaka ya Kenya na Tanzania.

Ulinganisho wa bendi hizi mbili unafundisha jambo. Simba Wanyika walipenda sauti pana iliyojazwa saksafoni. Les Wanyika walichagua wembamba: magitaa machache, ngoma isiyopiga makelele, sauti za waimbaji zisizogombana. Katika muziki uliopunguzwa hivyo, kila ala hubeba mzigo mkubwa zaidi, na hakuna mahali pa kujificha. Ridhimu ya Omari Shabani na besi ya Malanga ndizo zilizobeba jengo zima. Wasikilizaji wengi humtambua Les Wanyika kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kinachotambuliwa wakati huo ni mazungumzo ya ala hizo mbili. Basi, ikiwa utambulisho wa kazi ya sanaa umo katika ala, uhakiki unaoanzia kwenye neno la kwanza la mwimbaji umechelewa kufika.

"Sina Makosa" kwa sikio na kwa karatasi

Kwa karatasi, "Sina Makosa" ni utetezi. Msemaji anamkabili mtu mwenye hasira, anakana kosa, na anamkumbusha kwamba kila mmoja wao ana mwenzake nyumbani. Mhakiki wa fani na maudhui atasema kwamba wimbo unakemea wivu na shutuma zisizo na ushahidi. Lakini msomaji makini ataona pengo katika hoja ya msemaji. Kuwa na mwenzi nyumbani si ushahidi wa kutokuwa na kosa. Wangapi wana wenzi wao na bado wamekosa? Maneno peke yake hayaamui kama anayejitetea ni mkweli au ni mjanja. Karatasi humwacha mhakiki njia panda.

Besi ndiyo inayompa njia, ingawa haimpi jibu rahisi. Malanga hapigi besi ya mtu aliyeudhika. Hukumbuki mkondo wake kwa wingi wa noti bali kwa nafasi anazoziacha: husema neno, hunyamaza, hungoja ridhimu ijibu, kisha hurudia. Mkondo huo hauchukui hasira ya mtu anayeambiwa, wala hauongezi kasi utetezi unapoendelea. Msemaji anabishana, besi haibishani. Utulivu huo unaweza kusikika kwa namna mbili. Unaweza kuwa utulivu wa mtu asiye na hatia, ambaye hana haja ya kupandisha sauti. Unaweza pia kuwa utulivu wa mtu aliyezoea kujitetea, ambaye ameshayapima maneno yake. Ubora wa wimbo umo katika kutouamua utata huo, na mwenye kuushikilia utata huo usianguke upande wowote ni mpiga besi. Mhakiki asiyemsikiliza atautoa wimbo huu ujumbe wa maadili ambao wimbo wenyewe umekataa kuutoa.

Mpigaji wa lugha nyingi

Sifa ya pili ya kazi ya Malanga ni upana wake. Nairobi ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa soko la muziki ambamo mpiga besi hakuweza kuishi kwa lugha moja. Upande mmoja ilikuwako benga ya Waluo, ambamo besi hukimbia mbele na kuusukuma wimbo. Upande wa pili walikuwako Wakongo, kama Orchestra Super Mazembe na Baba Gaston, mzaliwa wa Likasi, walioleta rumba na sebene yake. Upande wa tatu lilikuwako dansi la Kiswahili kutoka Tanga, Morogoro na Dar es Salaam, lenye kupenda maneno yasikike. Zaidi ya hayo, redio na mahoteli vilileta soul, rock na funk kutoka Marekani na Uingereza.

Mpiga besi wa mazingira hayo ni kama mkalimani wa sokoni. Anayachukua ya kila upande, lakini lazima asemeke kwa kila mmoja. Besi ya Les Wanyika ina uzito na uwazi unaokumbusha benga, lakini haina pupa yake. Ina mzunguko wa rumba, lakini haingoji sebene ili ipate uhai; iko hai tangu mwanzo. Ina ukavu wa kuacha nafasi ambao mpenzi wa funk ataufahamu mara moja. Hata hivyo vipande hivyo havikuunganishwa kama viraka. Msikilizaji wa Mombasa, wa Tanga au wa Kisangani huuchukua muziki huo kuwa wake, bila kuulizwa pasipoti.

Historia ya Kongo inathibitisha kwamba uwezo huo wa kubadilika ni wa kazi ya besi yenyewe. African Jazz ya Kabasele iliposafiri kwenda Brussels mwaka 1960, wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara, Armando Brazzos, mpiga gitaa aliyetoka OK Jazz, ndiye aliyeishika besi, nyuma ya magitaa ya Nico na Dechaud. Miaka kumi baadaye vijana wa Zaïko Langa Langa waliacha ala za kupuliza, na besi na ngoma zikapewa kazi mpya ya kuendesha mbio za dansi. Kila mara muziki ulipobadilisha mwelekeo, mabadiliko yalisikika kwanza chini, ingawa sifa zilitolewa juu.

Funzo la ngoma ya Walokele

Mwanaisimu ana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu, karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma ya mti ya Walokele inavyosema. Ngoma hiyo ina sauti mbili, ya juu na ya chini, zinazofuata toni za lugha. Kwa kuwa maneno mengi mafupi yana toni sawa, mpigaji hatumii neno fupi. Hulirefusha kwa kifungu kizima kilichozoeleka, ili msikilizaji wa mbali asikosee. Urudiaji huo haukutokana na uhaba wa mawazo. Ndio dhamana ya maana.

Haisemwi hapa kwamba besi ya Nairobi ilizaliwa na ngoma ya Walokele. Tena Kiswahili si lugha ya toni kama Kilokele au Kilingala. Mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na gitaa haliwezi kuiga maneno yake kwa kupanda na kushuka. Hapo ndipo tofauti inapofundisha. Kwa kuwa besi ya wimbo wa Kiswahili haiwezi kuyasema maneno, yabidi iseme jambo jingine: wakati, subira, shaka, uhakika. Na inayasema kwa mbinu ileile ya urudiaji, kwa kurejea kifungu kilekile hadi msikilizaji akiamini au aanze kukitilia shaka. Wahakiki wanaoita urudiaji wa dansi udhaifu wa fani wangefanya vyema kukaa siku moja na mpiga ngoma wa kando ya mto.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba muziki wa bendi ni kazi ya pamoja, hivyo si haki kumpa mtu mmoja sifa. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini huwa haitumiki dhidi ya mwimbaji. Anayetaka haki ya pamoja na aanze kwa kuwataja wote. Pingamizi la pili ni kwamba idara za Kiswahili hufundisha lugha na fasihi, si muziki, na wanafunzi hawajui kusoma noti. Lakini hakuna noti inayohitajika ili kueleza kwamba ala imenyamaza mahali fulani, imerudia, imejibu, au imeyakana maneno. Hizo ni shughuli za usemi, na Kiswahili kina maneno ya kuzieleza. Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: mhakiki anaweza kuisemesha besi chochote apendacho. Hatari hiyo ipo, kama ilivyopo kwa sitiari. Dawa yake ni kuwasikiliza wengi, kulinganisha nyimbo, na kuwauliza wapigaji wenyewe kabla hawajaondoka duniani.

Hilo la mwisho ndilo lenye haraka. Maneno ya nyimbo hizi yameshaandikwa katika madaftari ya wanafunzi, wala hayatapotea. Maarifa ya wapiga ala hayajaandikwa popote. Yamo katika vidole vyao, na vidole hufa. Mhadhara wa fasihi simulizi Kisangani, Dar es Salaam au Nairobi unaoanza kwa kugawa karatasi ya maneno ungeweza kuanza kwa kuupiga wimbo mara mbili, karatasi ikiwa bado mezani. Mara ya kwanza wanafunzi wamfuate mwimbaji, mara ya pili wamfuate Tom Malanga. Baada ya hapo, fani na maudhui vijadiliwe, na jina la mpiga besi liandikwe ubaoni pamoja na la mtunzi.