Rorschach angezaliwa Gusii, tungemwita sungusungu

AGHALABU walimu wa fasihi huvidharau vibonzo, wakidhani ni vitu vya kuwatuliza watoto. Mimi nakataa. Ukitaka kumwonyesha kijana wa Kisii au Nyamira jinsi msanii anavyoweza kutufanya tumpende mtu tusiyepaswa kumwamini, mpe Watchmen.

Hadithi hii ya picha iliandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, Waingereza wawili, ikachapishwa Marekani katika matoleo 12 kati ya 1986 na 1987. Humo, majagina wanaovaa barakoa na kupambana na wahalifu wamepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1977. Wengi wamestaafu. Rorschach amekataa. Hukesha mitaani New York, huvunja watu vidole ili wampe habari, na huua. Barakoa yake nyeupe ina madoa meusi yanayobadilika umbo, ila rangi hizo hazichanganyiki kamwe zikawa kijivu. Ndivyo anavyouona ulimwengu: kuna wema, kuna uovu, basi.

Msomaji wa Gusii anamjua mtu huyu. Sungusungu, kwa Kiswahili, ni aina ya chungu weusi wanaouma. Jina hilo walipewa walinzi wa vijiji walioibuka miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha likavuka mpaka hadi Kuria na kwetu Gusii. Polisi walikuwa mbali, kesi zilikokotwa, na wezi walikuwa wamezidi. Vijana wakajitokeza, watu wakapata usingizi. Lakini vijana hao hao walishtaki, wakahukumu na kuadhibu usiku mmoja. Waliotuhumiwa wizi au uchawi walipigwa, wengine wakauawa. Mwaka 2010 serikali ililiharamisha kundi hilo pamoja na mengine, jumla 33. Hata hivyo, keti na wazee hotelini pale Keroka uone kama utakosa wa kukwambia: "Sema utakalo, wakati wao ng'ombe walilala salama."

Kauli hiyo haifai kupuuzwa, na Moore haipuuzi. Anatupa shajara ya Rorschach, hivyo tunaanza kuyatazama mambo kwa macho yake. Mwishoni, wenzake wanapokubali kuficha mauaji ya mamilioni ya watu ili vita vya nyuklia viepukwe, ni yeye tu anayekataa kunyamaza, na anauawa kwa hilo. Tunamlilia. Kumbe ule ukaidi unaotuliza ndio uliomfanya awe hatari tangu mwanzo. Huo ni ufundi mkubwa.

Nina lalama moja. Mapema katika hadithi, Rorschach anaingia baani na kumvunja vidole mtu aliyemkejeli. Hapati habari yoyote. Anaondoka, nasi tunaondoka naye. Kibonzo hakimfuati yule mtu nyumbani. Sisi wa Gusii hatuwezi kuondoka hivyo. Oktoba 2021, akina mama wanne wakongwe waliuawa na umati huko Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Wana watoto, wana wajukuu.

Lugha nayo ina mchango wake hapa. Neno "shujaa" hupima ujasiri wa mtu. Halisemi lolote kuhusu haki yake. Anayeingia gizani kumkabili mwizi mwenye panga ni shujaa, hata akikosea nyumba. Ndiyo maana neno hilo linamtosha Rorschach, linamtosha sungusungu, na bado halijatueleza kitu.

Basi mwalimu akiuliza darasani iwapo Rorschach ni shujaa, asiridhike na ndiyo au la. Awaulize wanafunzi wake: yule mtu wa baani angemshtaki wapi?