Nywila Imekubaliwa, Lakini Faili Hazipandi

Mwenye duka la pembejeo hapa Babati mjini anataka kubadilisha bei za mbegu kwenye tovuti yake. Kompyuta iko nyumbani, intaneti anaivuta kutoka kwenye simu. Anafungua FileZilla, programu ya kupeleka faili kwenye seva, anajaza jina la seva, jina lake na nywila. Seva inampokea. Kisha orodha ya mafolda haiji. Zinapita sekunde 20 na programu inasema muda umekwisha. Anabadilisha nywila, anajaribu tena, mambo ni yaleyale. Nywila haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Tatizo hili limo ndani ya FTP yenyewe, yaani kanuni za kusafirisha faili ambazo programu hiyo inazitumia. Abhay Bhushan aliandika rasimu yake ya kwanza Aprili 1971 akiwa MIT, Marekani, na muundo tunaoutumia hadi leo ulichapishwa Oktoba 1985. Wakati huo kompyuta za mtandaoni zilikuwa chache na ziliweza kufikiana moja kwa moja. Kwa hiyo haikuonekana tatizo FTP kupewa njia mbili. Njia ya kwanza, kupitia poti 21, ni ya mazungumzo: nywila na amri. Ya pili hufunguliwa kila kunapokuwa na kitu cha kusafirisha, na hata orodha ya mafolda huhesabiwa kuwa mzigo. Mtu anaweza kuingia vizuri kwa njia ya kwanza, akakwama kwenye ya pili.

Ndiyo maana kabla ya kugusa chochote inafaa kusoma mazungumzo yamefika wapi. FileZilla huyaonyesha juu, karibu kila jibu la seva likiwa na namba yake. Namba isipotokea kabisa, hujaifikia seva: kagua bando, kisha tahajia ya jina la seva. Kwenye Windows, fungua PowerShell uandike Test-NetConnection, jina la seva, halafu -Port 21. Ikijibu True, poti iko wazi. Namba 530 ina maana jina au nywila imekataliwa. Mara nyingi 421 huja pale seva inapoona umefungua miunganisho mingi mno. Punguza idadi ya faili zinazopanda kwa pamoja. Ukiona 230, umeshaingia, na suala la nywila limekwisha.

Kwa mwenye duka, 230 ilikuwepo. Chini yake kulikuwa na mstari wa amri ya PORT, na hapo ndipo ugonjwa ulipojulikana. Amri hiyo huiambia seva: nipigie kwenye anwani hii. Lakini anwani iliyotajwa ilianza na 192.168, ambayo simu huigawia kompyuta kwa matumizi ya humo ndani tu, nje haifikiki. Simu nayo mara nyingi haina anwani yake ya umma. Anwani za mfumo wa zamani ni haba, hivyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 lilitengwa hata fungu maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Seva inapiga, hakuna wa kupokea.

Dawa yake ina zaidi ya miaka 30. Februari 1994 Steven Bellovin alipendekeza kompyuta ya mteja ndiyo ifungue njia zote mbili. Amri yake ni PASV, na kwenye mipangilio ya FileZilla huitwa Passive. Programu huja ikiwa imewekwa hivyo. Kwenye kompyuta hii kuna aliyekuwa ameibadilisha. Iliporudishwa, mafolda yalifunguka na bei zikapanda.

Ingekuwaje kama yangegoma hata hapo? Ungetazama jibu la 227, lenye namba sita ndani ya mabano. Nne za kwanza ni anwani ya seva. Mbili za mwisho ni poti: zidisha ya tano kwa 256, ujumlishe ya sita. Mfano 195 na 80 hutoa 50000. Poti hiyo ikiwa imezibwa na ukuta wa moto wa seva, hakuna cha kurekebisha Babati. Mpelekee mwenye seva mstari huo wa 227 kama ulivyo. Ukitaka uhakika, jaribu kwanza laini ya mtandao mwingine. Kivinjari hakitakusaidia kupima, kwa kuwa Chrome na Firefox ziliondoa FTP mwaka 2021.

Kama seva inakubali SFTP, njia nyingine ya kupeleka faili, hamia huko. Hupitia muunganisho mmoja tu, kwa kawaida poti 22, kwa hiyo suala la njia ya pili halipo. Pia FTP ya kawaida hupeleka nywila bila kuificha, ilhali SFTP huifunga yote kwa usimbaji. Mwenye duka anachotakiwa kumuuliza mwenye seva ni kama huduma hiyo imewashwa, na ni kwa poti ipi.