Neno "Nguvu" katika Mwongozo wa Mota: Uhakiki wa Tafsiri

Kimetufikia kijitabu cha kurasa 46 kiitwacho Matumizi na Matengenezo ya Mota za Mstari. Ni tafsiri ya mwongozo uliotungwa ng'ambo na watengenezaji wa mota za umeme zitumikazo katika mashine ya kukatia bati kwa leza. Aliyetuletea ni msimamizi wa karakana moja iliyokwisha kuinunua mashine hiyo, naye alitaka tuipitie lugha ya kijitabu kabla mafundi hawajagawiwa. Hatutamtaja mfasiri wala karakana, kwani makosa tutakayoyaonyesha si ya mtu mmoja. Mengine, kama msomaji atakavyoona, yametoka mezani petu wenyewe.

Yatupasa kwanza kumpa mfasiri haki yake. Kazi aliyoikabili ni ngumu, na mahali pengi ameimudu. Tazama anavyoieleza mota yenyewe: chukua mota ya kawaida inayozungusha mhimili, ipasue upande mmoja mpaka katikati, kisha ikunjue uilaze chini kama mkeka. Picha ya mkeka haimo katika kitabu cha asili. Ni yake mwenyewe, na fundi yeyote huielewa papo hapo. Palipokuwa na duara sasa pana njia ya sumaku iliyonyooka, na juu yake kigari chenye koili huenda mbele na kurudi nyuma bila skrubu, bila mkanda, bila gia. Kati ya kigari na sumaku pana mwanya ambao kwa kawaida haufiki milimita 1. Pembeni pana chombo kinachosoma wakati wote mahali kilipo kigari na kukirudishia kidhibiti habari, nacho kidhibiti hurekebisha mkondo wa umeme hadi kigari kifike pale kilipoamriwa. "Kigari", "mwanya", "njia ya sumaku", "sumaku za kudumu": haya yote ni maneno mazuri nasi twayapokea.

Jina la mota ndilo lililotutia mashaka. Tulipowasomea mafundi wanne ukurasa wa kwanza, mmoja wao alituuliza, "Ndugu zangu, na hizo nyingine ziko wapi?" Kwake yeye "mota za mstari" zilikuwa mota nyingi zilizopangwa foleni. Hakukosea, hivyo ndivyo Kiswahili kisemavyo. Kilichonyooka hapa ni mwendo, basi mwendo na utajwe: "mota ya mwendo mnyoofu". Ni jina refu, lakini halimpotezi mtu.

Sehemu ya pili ya jina hilo ina historia. Neno "sevo" lilianzia Ufaransa, ambako Joseph Farcot alilitumia mwaka 1873 kwa mtambo wake wa kusaidia kugeuza usukani wa meli, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mtumwa. Mfasiri ameifuata asili hiyo hadi mwisho akaandika "mota tumwa". Asili ya neno si maana yake. Mwaka huo huo wa 1873 ndipo Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, na katika lugha iliyolelewa mwambao huu neno hilo halijawa jepesi kiasi cha kubandikwa kwenye chuma. Twapendekeza "mota sevo", na maelezo yafuate: mota inayojisahihisha kwa kufuata habari za mahali ilipo.

Sasa tuingie katika jambo lililotufanya tuandike makala haya. Katika ukurasa wa 11 imeandikwa: "Kabla ya kufungua jalada, zima nguvu. Nguvu ikizimwa, mota haina nguvu na yaweza kushikwa." Katika ukurasa wa 13, ndani ya kisanduku cha tahadhari, imeandikwa: "Nguvu haizimiki." Fundi afuate ukurasa gani?

Tumelifuatilia neno "nguvu" katika kijitabu kizima na kukuta limebebeshwa mizigo minne. Pengine ni umeme unaoilisha mashine. Pengine ni volteji inayobaki ndani ya kidhibiti. Pengine ni kani ambayo koili hukisukumia kigari. Na pengine ni mvuto wa sumaku za kudumu. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna ubaya wowote. Tunasema nguvu ya umeme, nguvu ya ng'ombe, nguvu ya hoja, na tunaelewana. Katika mwongozo huu, lakini, mambo hayo manne hayazimwi kwa swichi moja. Umeme ukikatwa, kani ya kusukuma hutoweka mara moja. Volteji haitoweki: katika kidhibiti kinacholishwa umeme wa fezi tatu wa volti 400, kapasita huweza kushika zaidi ya volti 500, na watengenezaji huagiza kungoja dakika kadhaa, aghalabu baina ya 5 na 15, kisha kupima kwa mita kabla ya kugusa. Na mvuto wa sumaku haupungui hata kidogo. Katika mota ambazo koili zake zimezungushiwa chuma, mvuto huo huwa mara kadhaa ya kani ambayo mota yenyewe huitumia kusukuma. Spana ya chuma ikikaribia njia ya sumaku huruka kutoka mkononi, na kidole kilichoko katikati husagwa. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo hapaswi hata kusogea karibu.

Kwa hiyo fundi mtiifu, aliyesoma ukurasa wa 11 neno kwa neno na kutenda kama alivyoambiwa, ndiye aliye hatarini kuliko asiyesoma kabisa.

Kosa la pili ni dogo kwa sura, ila athari yake yalingana na hilo. Katika ukurasa wa 19 twasoma: "Mota ikisimamishwa, hakikisha kuna breki." Mafundi wote wanne walielewa kwamba wakati wa kuizuia mota isiende iwepo breki. Kitabu cha asili kilikusudia jambo jingine kabisa: mota ikifungwa wima, kigari kikipanda na kushuka. Mota iendeshayo skrubu, hata ikifungwa wima, aghalabu huwa na ukinzani fulani umeme ukatikapo. Hii haina skrubu. Umeme ukikatika kigari huanguka kwa uzito wake wote, pamoja na chochote kilichofungwa juu yake, isipokuwa kuna breki au uzani wa kukisawazisha. Kitenzi "simama" katika lugha yetu kina maana zote mbili, kuacha kwenda na kuwa wima, na mfasiri amelitumia pale pale ambapo zote mbili zaweza kuingia. "Ikifungwa wima" yatosha.

Chombo kinachosoma mahali kimeitwa "kifumbaji", bila shaka kwa kuwa kazi yake ni kugeuza mahali kuwa alama za siri, yaani mafumbo. Lakini tunafumba pia macho, na chombo hiki ndicho jicho la mota! Tumependekeza "kipima mahali". Mafundi wao huuita utepe wake "rula", na kwa kuwa una alama za vipimo mithili ya rula, hatuoni sababu ya kuwanyang'anya neno hilo. Kadhalika "mafuta mazito" ya kupaka reli yarudi kuwa grisi. Mafuta mazito ni yale yachomwayo katika mitambo ya kufua umeme na katika meli, na hakuna fundi atakayeyapaka kwenye beringi, ila itampotezea nusu siku kuuliza.

Neno "matengenezo" lililomo katika jina la kijitabu nalo lina kasoro. Kwa watu wengi kitu hutengenezwa kikiharibika. Mota hii haina brashi za kulika wala gia za kuchakaa, na karibu kazi yote inayotakiwa ni ya kabla ya kuharibika: kupangusa vumbi la chuma linaloganda juu ya sumaku na kuuziba ule mwanya mwembamba, kusafisha rula kwa kitambaa laini, kutia grisi kwenye reli, kukagua kebo zinazokunjwa na kukunjuliwa mchana kutwa, kuangalia joto. Joto hasa, kwa sababu sumaku za neodimia za daraja la kawaida zikipita takriban nyuzi 80 za Selsiasi huanza kupoteza usumaku wao, na hupoteza bila kuurejesha zikipoa. Msomaji aliyeambiwa "matengenezo" atakifungua kijitabu siku mota itakapokwama. Aambiwe "utunzaji".

Tulisema mengine yametoka mezani petu. Mfasiri alipoulizwa kwa nini aling'ang'ania "nguvu", alitutolea orodha ya istilahi za ufundi tuliyoiandaa sisi miaka kadhaa iliyopita. Humo, neno moja chini ya jingine, mmechapwa "nguvu" mara tatu kwa dhana tatu. Tulizipanga kwa alfabeti za Kiingereza, kila moja katika safu yake, na hakuna kati yetu aliyezisoma pamoja. Orodha hiyo tumeiondoa ili ipitiwe upya.

Katika kikao chetu mwenzetu mmoja alipinga "kani", akisema ni neno la darasani. Ni kweli, na darasa lenyewe ni la shule ya msingi, kwa hiyo si geni kama alivyodhani. Hata hivyo tumelikubali pingamizi lake nusu: "kani" ibaki katika majedwali yenye vipimo vya nyutoni, na katika tahadhari kitajwe kile ambacho mkono utakutana nacho. Ukurasa wa 11 sasa wasomeka hivi:

"Kata umeme. Ngoja dakika 15, kisha pima kwa mita kuhakikisha kwamba kidhibiti hakina volteji. Sumaku bado zinavuta na zitaendelea kuvuta. Weka mbali saa na kadi za benki. Tumia spana zisizonaswa na sumaku. Usitie kidole kati ya kigari na njia ya sumaku."

Mfasiri ameyakubali haya yote isipokuwa jina la mota. Anasema tumechelewa: katika karakana ile mafundi wamekwisha kuiita "mota laini", kutokana na neno waliloambiwa na wageni walioifunga mashine, na mota yenyewe yaweza kukata kidole. Tumemwomba atuachie jina hilo hadi kikao kijacho.