Nasaha kama Ushahidi: Vizazi na Maadili katika Utendi wa Mwana Kupona na Rosa Mistika

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kumezoeleka kupima mwenendo wa vijana kwa maandishi ya nasaha. Mhakiki huuchukua Utendi wa Mwana Kupona (1858), akaorodhesha maagizo anayopewa binti kuhusu ibada, adabu, unadhifu na utiifu kwa mume, kisha akahitimisha kwamba hivyo ndivyo wazee walivyoishi na kwamba kizazi cha leo kimepotoka. Hitimisho hilo halitokani na matini. Nasaha hudhihirisha matakwa ya mtoaji. Matendo ya mpokeaji hatuyaoni. Tena ni nadra mtu kukatazwa jambo lisilotendwa na yeyote. Mwana Kupona anapomwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, twapata fununu kwamba katika nyumba za kiungwana za Lamu na Pate mpaka huo ulikuwa ukivukwa. Aidha, onyo hilo latukumbusha kwamba adabu inayosifiwa ilisimama juu ya migongo ya watumwa. Wanaotamani maadili hayo yarejee huuruka ubeti huo kimya kimya.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) yasomwa kwa kasoro iyo hiyo. Imekuwa kawaida kudai kwamba Rosa aliharibiwa na shule na uhuru wa mbali na nyumbani. Dai hilo lamsahau Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana, ilhali yeye mwenyewe hajizuii kwa lolote. Kwa mtazamo wetu, baba na binti hawatofautiani sana katika wanayoyatamani. Wanatofautiana katika nani anaruhusiwa. Alichorithishwa Rosa ni woga, na woga hauna kazi pale anayeogopwa asipokuwapo. Si ajabu kwamba riwaya hii iliwahi kuzuiwa shuleni: watu wazima waliwakinga vijana na kitabu kinachowashtaki watu wazima.

Suala hili linavuka mipaka ya uhakiki. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwanafunzi wa Gulu au Huye hana bibi wa Lamu wala wa Ukerewe wa kumwambia kwamba mambo hayakuwa hivyo. Akiulizwa katika mtihani aeleze maadili ya Waswahili kwa kurejelea utendi huu, atajibu kwa maagizo ya mama mmoja wa tabaka moja, naye atapewa alama zote. Tunapendekeza swali libadilishwe: mwanafunzi aonyeshe ni nani anayesema, anamhofia nani, na kwa nini Mwana Hashima, anayeambiwa yote hayo, hajapewa hata ubeti mmoja wa kujibu.