Habari Mbili au Habari Moja? Al-Waqidi na Hesabu ya Jeshi la Uhud

Wahadhiri wetu wakizungumzia upelelezi katika vita vya Mtume (s.a.w.), ni aghalabu wakitaje kisa kilichomo katika Kitabul Maghazi cha al-Waqidi (aliyefariki mwaka 207 H). Kabla ya Uhud, mwaka wa 3 H, al-Abbas (r.a.) alituma barua kutoka Makka kwamba Maquraishi wametoka wakiwa watu 3,000, farasi 200 na wenye deraya 700. Kisha Mtume (s.a.w.) akamtuma kwa siri al-Hubab bin al-Mundhir (r.a.) akawakadirie kwa macho yake. Akarudi na makadirio yale yale. Hapo msemaji huwaambia wasikilizaji: tazameni, chanzo cha pili kimeuthibitisha ukweli wa cha kwanza.

Kisa ni kizuri, na tatizo limo katika uzuri huo. Mtu anayelikadiria jeshi kwa kujificha ni nadra apatane na barua katika hesabu tatu, mpaka idadi ya deraya. Hatusemi kwamba jambo halikutokea. Tunauliza kama hizi ni habari mbili, au ni habari moja iliyotiwa katika vinywa viwili. Mwandishi hatupi njia ya kujua: mwanzoni mwa mlango wa Uhud anawataja wasimulizi wake kwa pamoja, anasema kila mmoja amempa sehemu, kisha sehemu kubwa ya yanayofuata inakuja kwa neno "walisema" tu.

Imam Ahmad (r.a.) alimlaumu kwa jambo hilihili la kukusanya sanad nyingi na kuzijengea matini moja. Waliomtetea walijibu kuwa hata az-Zuhri alifanya hivyo, na ni kweli: hadithi ya Ifk aliikusanya kutoka kwa watu wanne, Urwa, Said bin al-Musayyab, Alqama bin Waqqas na Ubaydullah bin Abdullah. Lakini utetezi huu hautoshi. Wanne hao wote ni waaminifu, hivyo kipande chochote kikiwa cha yeyote kati yao, hakiharibiki. Al-Waqidi amechanganya wenye nguvu na madhaifu, na yeye mwenyewe al-Bukhari amemhesabu kuwa ni matruk.

Ndugu msomaji asidhani huu ni ugomvi wa vitabuni tu. Tarehe 5 Februari 2003, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, aliliambia Baraza la Usalama kwamba Iraq ina maabara za silaha za vijidudu zinazotembea juu ya magari, na akataja mashahidi wanne. Tume ya Marekani yenyewe, katika ripoti yake ya mwaka 2005, ilikuta kwamba madai hayo yalisimama karibu yote juu ya mtu mmoja, aliyepewa jina la siri la Curveball, ambaye Wamarekani hawakuwahi kumhoji wenyewe kabla ya vita. Shahidi mwingine kati ya wale wanne alikuwa amekwishaandikwa kuwa mzushi tangu mwaka 2002, na onyo hilo likapotea njiani. Mwaka 2011 Curveball alikiri hadharani kwamba alisema uongo. Riwaya dhaifu iliyovikwa wingi wa sanad ikaingiza nchi ya Waislamu vitani.

Mwenye kutafuta dalili ya kukusanya habari kabla ya uamuzi wa vita anayo iliyo madhubuti zaidi. Katika Badr, kwa riwaya ya Ibn Ishaq, vijana wawili wachota maji waliulizwa idadi ya Maquraishi, wakajibu tu kwamba ni wengi. Mtume (s.a.w.) hakuishia hapo. Aliuliza wanachinja ngamia wangapi kwa siku. Wakasema tisa siku moja na kumi siku nyingine, akakadiria kuwa ni kati ya 900 na 1,000. Vijana wale hawakujua idadi, kwa hiyo hawangeweza kuinakili kwa mtu. Walichokijua ni ngamia. Na katika Khandaq, uvumi kwamba Bani Quraydha wamevunja ahadi haukuchukuliwa ulivyo. Bukhari na Muslim wameithibitisha safari ya az-Zubayr (r.a.) kwenda kuleta habari yao.

Kisa cha al-Hubab kinaweza kusimuliwa katika darsa la sira, kwa kumtaja mwenye kukisimulia. Kukijengea hukumu kwamba habari mbili zikilingana uamuzi umekamilika, hilo halina msingi wa kusimamia.